BUSTANI KABLA YA MVUA YA NJAHI

(Maneno haya yalisomwa mbele ya wanachama huko Wamagana mwezi wa Februari. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu siku ile.)



Kamati imetutuma tuseme nanyi habari ya bustani ya mboga. Wengine wamekwisha kuuliza kwa nini chama cha wafanya kazi kiseme habari ya sukuma wiki, hali mambo ya mshahara hayajaisha. Twajibu kwamba leo tutayasema yote mawili, kwa maana hapa kwetu mambo haya mawili hayajapata kuachana. Lakini tutaanza na jembe, kwa sababu mvua haingojei mkutano wa mtu.

Kwanza tukumbuke tuko mwezi gani. Mji wa Nyeri u kama mita 1,750 juu ya bahari, na sisi huku Tetu, tukipanda kuelekea msitu wa Nyandarua, tuko juu zaidi. Mwaka wetu una mvua mbili. Ya kwanza huanza kama katikati ya Machi, ikaendelea Aprili na Mei. Hiyo wazee waliiita mvua ya njahi, kwa jina la zile kunde nyeusi zenye mstari mweupe anazopikiwa mama aliyejifungua. Ya pili huja Oktoba hadi Desemba, nayo ni mvua ya mwere, yaani uwele, ingawa uwele wenyewe siku hizi hauonekani sana mashambani mwetu. Katikati kuna baridi na ukungu wa Juni hadi Agosti, na kuna ukavu wa Januari na Februari, ambao ndio huu tunaoketi ndani yake leo.

Tumesikia kwamba huko Uingereza pia watu huanza bustani zao mwezi wa Machi. Lakini wao wangoja baridi iondoke na udongo upate joto. Sisi joto si shida yetu, twangoja maji. Kwa hiyo mtu akisoma kijitabu cha kutoka huko na kufuata miezi yake, atapotea njia.

Watu wengi hufikiri Februari ni mwezi wa kupumzisha jembe. Udongo ni mkavu, vumbi limejaa, na huko kwenye chai majani ni machache. Lakini hesabu ni hii. Mche wa sukuma wiki au wa kabichi wataka majuma manne hadi sita ndani ya kitalu kabla ya kuhamishwa. Ukingoja tone la kwanza la Machi ndipo utie mbegu, utahamisha mche mwishoni mwa Aprili, na mvua imekwisha kula nusu ya siku zake. Mche utapata wiki chache za maji, halafu utaingia katika baridi ya Juni ungali mtoto. Jirani yako aliyetia mbegu leo atahamisha wakati udongo umelowa vizuri, na kufika mwisho wa Mei yeye anachuma, nawe ungali unamwagilia. Tofauti yenu si mbegu wala mbolea, ni majuma machache tu ya Februari.

Mtu atasema, maji yako wapi? Ni kweli, mfereji hutoa matone, na wengine wetu wateremka mtoni. Lakini kitalu si shamba. Kitalu cha mita moja kwa mita mbili chatosha miche mia kadhaa, na maji yake ni mkebe mmoja wa kunyunyizia asubuhi na mmoja jioni. Maji ya kuoshea mboga na mchele yafaa sana. Ya sabuni yaacheni.

Sasa namna ya kutengeneza. Chagua mahali pasipo chini ya mti, na mahali ambapo mwaka uliopita hapakuwa na kabichi wala sukuma, kwa sababu magonjwa ya jamaa ile hubaki udongoni yakingojea mgeni. Lima, vunja madongoa mpaka udongo uwe laini kama unga, uinue kitalu kwa kadiri ya upana wa kiganja ili gharika isikisombe. Msidharau jambo hili la kuinua. Aprili na Mei 2024 nchi nzima iliona mvua ya mafuriko, na vitalu vilivyokuwa sawa na ardhi viligeuka madimbwi.

Changanya samadi iliyooza sawasawa. Samadi mbichi ya jana huunguza mche, na tena huleta wadudu. Jinsi ya kuijua ni rahisi. Iliyoiva haina harufu ya zizi, ni nyeusi, nayo hupukutika mkononi. Kama lundo lako lingali moto ndani, ligeuze, ulifunike kwa majani, ulitie maji kidogo, ulingoje.

Piga mistari kwa kijiti, umbali wa kiganja kati ya mstari na mstari, na kina kisichozidi ncha ya kidole. Mbegu zitawanywe kwa uchache. Hapa ndipo ubahili una faida, maana mbegu zikibanana miche hutoka mirefu na myembamba, inayoanguka kwa upepo mdogo. Funika kwa udongo mwepesi, tandaza nyasi kavu juu, nyunyiza maji. Siku ya tano hadi ya saba mbegu zitachomoza, na siku hiyo hiyo uondoe nyasi, ama miche itapinda ikitafuta mwanga. Jenga kibanda kidogo cha matawi juu yake kuzuia jua la mchana. Wiki ya mwisho kabla ya kuhamisha, ondoa kibanda kidogo kidogo na upunguze maji, ili mche uzoee taabu. Mche uliolelewa kwenye kivuli mpaka siku ya mwisho ni kama mtoto wa tajiri aliyepelekwa kuchuma chai.

Wakati miche ikikua, wewe usikae. Shamba la kuipokea litengenezwe sasa, udongo ungali mkavu, ili mvua ya kwanza iingie ndani badala ya kuteleza juu. Udongo wetu ni mwekundu na wenye kina, ni udongo wa volkano, na ni mwema. Una makosa mawili. La kwanza ni kwamba tuko juu ya migongo na mabonde. Yeye alimaye mistari kufuata mteremko, kutoka juu kwenda chini, amechimbia maji njia ya kuiba. Udongo wetu wa Tetu huingia katika Chania na Gura, ukashuka mpaka Tana, ukaenda kujaza mabwawa ya umeme huko Masinga na kwingineko, halafu bili ya umeme twaletewa sisi. Mistari ikate mteremko. Palipo na mwinuko mkali, chimba mtaro na udongo wake uurushe upande wa juu, upande nepia kwenye ukingo ule. Kazi hii yaitwa fanya juu, na wataalamu wa nchi za mbali waliokuja kujifunza waliondoka na jina lenyewe hivyo hivyo, kwa Kiswahili. Ni moja katika maneno machache tuliyowauzia wao badala ya kuwa wao ndio wanaotuuzia.

Kosa la pili ni uchungu wa udongo. Chai yapenda udongo mchungu, ndiyo sababu yafaulu hapa. Kabichi na jamaa zake hawaupendi, na katika udongo wa namna hiyo mizizi yao hupata ule ugonjwa wa kuvimba kama virungu, mmea ukanyauka mchana hata kama maji yapo. Majivu ya jikoni husaidia. Msiyatupe kwenye choo. Yakusanyeni katika debe lenye kifuniko, kwa kuwa mvua ikiyanyeshea nguvu huondoka, na mwezi huu myatawanye kidogo kidogo juu ya udongo na kuyachanganya. Ila mahali patakapopandwa viazi msiweke, kwa maana ngozi ya kiazi itakuwa na ukoko.

Habari ya viazi tutaipitia upesi, kwani wengi wenu mwajua kuliko sisi. Mbegu ya viazi itandazwe sasa mahali penye mwanga usio wa jua kali, ichipue vichipukizi vifupi na vinene, tayari kwa mvua. Usipande viazi palipokuwa na viazi au nyanya. Na managu nayo ni jamaa yao, ingawa haifanani nao mezani. Ugonjwa wa kunyauka wa viazi hauoni tofauti kubwa kati yao.

Karoti na dania hazipendi kuhamishwa, basi zipandwe pale pale zitakapokulia, mvua ikianza. Karoti isiwekewe samadi mbichi, la sivyo utavuna miguu miwili na mitatu kwenye shina moja, na watoto watacheka.

Sasa sukuma wiki, ambayo ndiyo kichwa cha maneno yetu ya jembe. Siku ya kuhamisha, mche uwe na majani manne hadi sita. Hamisha jioni au siku ya mawingu. Mashimo yaachane hatua fupi, kama sentimita 60 mstari hadi mstari na 45 shina hadi shina. Kila shimo viganja viwili vya samadi, changanya na udongo, mwagia maji, ndipo upande. Baada ya majuma sita hadi manane waanza kuchuma. Chuma majani ya chini, mawili au matatu kwa shina kwa juma, ukiacha manne au matano ya juu ili mmea upumue. Tuseme una mashina 40. Hayo yatakupa majani 80 hadi 120 kila juma. Nyumba ya watu watano inaweza kula mboga siku nne au tano bila kwenda sokoni. Na kama nyumba hiyo ilikuwa ikinunua mboga ya shilingi 30 kwa siku, basi ni shilingi 900 kwa mwezi. Tafadhali ziandikeni hesabu hizo katika daftari, kila mtu zake. Tutaeleza baadaye kwa nini daftari hilo likae kwako wala lisionyeshwe kwa tajiri.

Adui wa bustani ni wengi. Yuko mdudu wa udongoni akatae mche shingoni usiku, ukaukuta asubuhi umelala kama aliyelewa. Chimba kidogo pembeni ya mche uliokatwa, utamkuta amejikunja, umponde. Wako vidukari, wale wadogo wanaonyonya chini ya jani, nao huondoka kwa maji yenye sabuni kidogo wakinyunyiziwa mapema. Lakini mkubwa wao ni fuko. Hatuna haja ya kumweleza fuko mbele ya watu wa Tetu. Kila mtu hapa ana hadithi yake, na kila mzee ana mtego wake anaousifu kuliko wa mwenzake. Shauri letu ni moja tu. Mtegeni sasa, wakati vichuguu vyake vyaonekana wazi katika udongo mkavu, kabla hajaonja karoti. Na anayejua kutega amsaidie jirani, maana fuko hajui mpaka wa shamba.

Wako wenzetu hapa wasio na shamba hata la kuweka kiti. Wapanga vyumba hapa Wamagana, au Ruring'u, au Kamakwa, na mlango wafungukia uwanja wa wote. Kwao twasema gunia. Chukua gunia kuukuu lisilooza upesi na kopo kubwa lisilo na kitako. Simamisha kopo katikati ya gunia, lijaze vijiwe. Zunguka kopo kwa udongo uliochanganywa na samadi, kisha ulivute kopo juu, ulijaze vijiwe tena, na hivyo hivyo mpaka juu. Vile vijiwe katikati ni njia ya maji kufika chini. Toboa matundu ubavuni, panda sukuma au spinachi katika kila tundu, na juu yake panda vitunguu. Gunia moja laweza kubeba miche 30 na zaidi. Maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni yatatosha. Mwenye nyumba akiuliza, mwambie gunia halina mizizi ardhini mwake.

Tusisahau mboga za kwetu. Managu, terere, majani ya malenge, kunde, na thabai ile iumayo kabla ya kupikwa. Zamani kidogo watu wa mjini waliziita magugu, na mwenye kuzipika alijificha. Leo sokoni fungu la managu lina bei isiyokuwa na aibu hata kidogo. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi. Zichanganye na majivu makavu au mchanga ili mkono usimwage zote mahali pamoja, panda kwa mistari, na baada ya majuma manne hadi sita waanza kuchuma. Ukiacha mashina matatu bila kuchuma, yatazaa matunda meusi. Yakamue ndani ya maji, mbegu zitabaki chini, zioshe, zikaushe kivulini, uzitie kwenye chupa. Hivi ndivyo nyanya zetu walivyofanya bila kumwuliza mtu ruhusa.

Twasema bila kumwuliza mtu ruhusa kwa sababu kuna jambo la sheria hapa. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, pamoja na mabadiliko ya 2012, iliwatia wakulima wadogo katika hatari ya kifungo cha hadi miaka miwili, au faini ya hadi shilingi milioni moja, au vyote viwili, kwa kuuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa. Hebu fikirini, mama apewe na jirani kiganja cha mbegu za managu, na wote wawili wawe wahalifu. Wakulima wadogo 15 walipeleka kesi mahakamani mwaka wa 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ilitoa hukumu kwamba vifungu vile vyapingana na Katiba. Wakulima wale walikuwa watu 15 tu. Basi tunapogawana mbegu hapa leo, mjue kwamba kuna watu walisimama kizimbani ili kiganja kile kisiwe kosa.

Na kwa kuwa tuko Tetu, yafaa kumtaja Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe mwaka wa 1940. Alianzisha kazi ya Ukanda wa Kijani mwaka wa 1977, akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 2004. Watu wataja miti mamilioni, lakini kazi ile ilianza na kitalu, tena vitalu vya akina mama waliotumia makopo na mikebe iliyotupwa. Yeye mwenyewe alipokuwa mtoto, mama yake alimpa kipande kidogo cha kulima kiwe chake. Mnaweza kufanya hivyo na watoto wenu mwezi huu. Mita mbili zatosha.

Sasa tuje kwenye mshahara.

Mbona twasema bustani na mshahara hazijaachana? Kwa sababu katika nchi hii, tangu siku za walowezi, bustani ya mfanya kazi imetumiwa kumpunja. Wengi katika wazee wa Tetu walikwenda Laikipia na Bonde la Ufa wakawa maskwota. Sheria ya 1918 ilimtaka skwota afanyie kazi bwana shamba siku zisizopungua 180 kwa mwaka, naye kwa hisani hiyo alime na kulisha mifugo yake. Mshahara ulikuwa wa kuchezea, kwa maana ilisemwa, huyu ana shamba. Baadaye siku za kazi ziliongezwa, ng'ombe na mbuzi wakapunguzwa, na shamba likakatwa. Mshahara haukupanda kufidia.

Mijini ilikuwa vivyo hivyo. Mshahara ulipimwa kwa tumbo la mtu mmoja asiye na mke. Hesabu yao ilisema mke na watoto wako kwao, wala shamba huwalisha. Yaani mama aliyekuwa akilima hapa Tetu alikuwa akimlipia tajiri wa Nairobi nusu ya mshahara wa mumewe bila kujua. Wafanya kazi wa Mombasa waligoma Januari 1947, na Chege Kibachia akawa kiongozi wa chama chao, na mwaka huo huo serikali ikamkamata na kumfungia mbali. Miaka saba baadaye, mwaka wa 1954, Kamati ya Carpenter, ambayo ilikuwa kamati ya serikali yenyewe, ilikiri kwamba mshahara wa mtu mmoja hautoshi, na kwamba yafaa upimwe kwa mahitaji ya mtu na jamaa yake. Kamati ilisema 1954 lile ambalo wafanya kazi walikamatwa kwa kulisema 1947.

Na mwaka huo huo wa 1954 hao hao walioambiwa shamba litawalisha waliondolewa shambani. Zaidi ya watu milioni moja wa Gikuyu, Embu na Meru walisongamanishwa katika vijiji vya Hali ya Hatari, wakazungushiwa ua na handaki. Hapa kwetu karibu na msitu akina mama walichimba mahandaki mchana, wakapewa muda mfupi tu wa kukimbilia shamba kutafuta chakula. Mpishi hakuwa na la kupika na mwenye shamba hakuweza kulifikia. Wazee walio hapa waliokuwa watoto siku zile hawahitaji kusimuliwa.

Twayasema haya kwa sababu maneno yale ya zamani hayajafa. Katika mazungumzo ya mshahara si siku nyingi, tajiri mmoja, ambaye hatutamtaja, aliwaambia wajumbe wetu, "Lakini ninyi mna bustani nyuma ya nyumba, chakula hamnunui." Wajumbe walikuwa na jibu. Walimwuliza kama yeye naye alikuwa na bustani nyuma ya nyumba, na kama mshahara wake ulipunguzwa kwa sababu hiyo. Mazungumzo yakaendelea na jambo lingine.

Basi hii ndiyo sababu ya lile daftari. Kila shilingi ambayo bustani yakuokolea imetoka katika saa zako, baada ya kazi, kwa mgongo wako. Si sehemu ya mshahara. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 17, yataka mshahara wote ulipwe kwa fedha za Kenya. Kifungu cha 31 chataka mwajiri ampe mfanya kazi nyumba ifaayo, au amwongezee fedha za kutosha kupangia nyumba, isipokuwa mkataba wake wa kazi au mapatano ya pamoja yamekwisha kuitia fedha ya nyumba ndani ya mshahara wenyewe. Bustani haimo humo. Haikuandikwa kama deni la mwajiri, na vile vile haikuandikwa kama fidia yake. Mjumbe yeyote atakayekubali mezani kwamba sukuma zihesabiwe, hata kwa mzaha, atakuwa ametuuza wote kwa bei ya fungu moja.

Kuna jambo lingine, nalo ni kwa wale wanaokaa katika nyumba za kazi na kulima vipande walivyoonyeshwa kwa mdomo. Mwenzetu mmoja alilima kipande chake mwezi wa Machi, akapanda kabichi, akapalilia, na mwezi wa Mei, vichwa vikianza kufunga, akahamishwa kwenda nyumba nyingine. Aliyekuja baada yake ndiye aliyekula. Hakukuwa na karatasi, kwa hiyo hakukuwa na la kudai. Kamati yapendekeza kwamba katika mapatano yajayo tutake mambo matatu yaandikwe. Kila nyumba ya kazi iwe na kipande kilichopimwa. Kipande kisichukuliwe wakati kina mazao, na anayehama au kuacha kazi aruhusiwe kuvuna alichopanda. Na iandikwe wazi kwamba kipande hicho si sehemu ya malipo. Mambo haya hayamgharimu mwajiri pesa nyingi. Kama atakataa, itatufaa kujua kwa nini akataa. Mtayazungumza katika matawi na mtatuletea majibu yenu kabla ya mwisho wa Machi.

Neno moja kwa akina baba, na mtuwie radhi. Katika nyumba nyingi mama hurudi jioni kutoka kwenye chai au kazini, kikapu kikiwa kimemwumiza kichwa, akawasha moto, akaosha watoto, na sasa sisi tumesimama hapa tukisema jambo jingine tena la kufanya. Ikiwa bustani itakuwa zamu ya tatu ya mama, ni heri tusingeisema. Kulima kitalu cha mita mbili ni kazi ya saa moja na nusu kwa mtu mwenye nguvu. Ni muda ule ule ambao watu kadhaa tunaowafahamu hutumia kila jioni pale kituoni wakijadili mpira. Mpira waweza kujadiliwa pia mtu ameshika jembe. Tumejaribu, wawezekana.

Kuhusu mbegu. Karani wa tawi anazo za sukuma, kabichi na spinachi zilizonunuliwa kwa fedha ya mfuko wa tawi, na mbegu za managu na terere zilizoletwa na akina mama watatu ambao wamekataa kulipwa. Kila mwanachama atapata vijiko viwili vya sukuma na kimoja cha managu. Njooni na karatasi au kichupa chenu wenyewe, chenye kukauka. Asiyeweza kuja amtume mtu na kadi yake ya chama. Wenye mitego ya fuko wa kuazimisha waandikishe majina yao mlangoni mnapotoka, na wanaotaka magunia wamwone mweka hazina, kwani yamebaki kama ishirini hivi. Mbegu zitagawanywa Jumamosi hii kuanzia saa nane mchana, na zitakazobaki zitagawanywa Jumamosi ifuatayo. Baada ya hapo kitalu cha mvua hii kitakuwa kimechelewa.